Mkanda Ulimshika Kifua

Niliondoka Nakuru asubuhi kumwona mdogo wangu Njoroge, ambaye gari lake lilikuwa limegonga lori bovu lililosimama karibu na Mai Mahiu. Salamu zilizonifikia zilikuwa za furaha: alikuwa amefunga mkanda wa kiti, hana hata mkwaruzo. Hata hivyo moyo wangu haukutulia. Jirani yangu Gurdev, muuza vipuri, alinipeleka kwa gari lake.

Baada ya Gilgil tukaanza kuzungumza.

"Ndugu yako ana akili, mama," alisema. "Hiyo mikanda watu wengi wanakalia tu."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Mai Mahiu tulikuta nyumba ya Njoroge imejaa. Kila mgeni aliyekuja kusema pole alimiminiwa chai, na Njoroge akalazimika kusimulia upya na kufungua shati, waone alama ya mkanda kifuani. Kichwa kiligonga kando ya dirisha, alisema, kidogo tu. Aliposimulia mara ya pili mbele yangu alikwama alipofika kwenye lori, akaanza tena mwanzo. Kikombe kikamponyoka mkononi. Wageni wakacheka.

"Tumpeleke hospitali," nikasema.

"Damu iko wapi?" akauliza baba yetu mdogo. "Na wageni bado wanakuja. Wakute kiti tupu?"

"Wakute."

Wakasema mimi ni mkali. Ni kweli, na siku hiyo nilitamani ningekuwa mkali zaidi, na mapema zaidi.

Njiani kwenda Naivasha, ndani ya gari la Gurdev, nilikaa naye nyuma, nikimwuliza maswali asije akalala.

"Mlima ule unaitwaje?"

"Longonot, dada. Unanifanya mtoto?"

Mbele kidogo nikamwuliza tena. Akanitazama, akatabasamu, asijibu. Kisha akaniegemea begani akaanza kukoroma. Nilimwita kwa jina la utotoni, lile la mama, hakuitika.

Hospitalini daktari alimmulika macho kwa tochi.

"Damu imejaa ndani ya kichwa," alisema.

Njoroge alifariki alasiri ile. Mkanda ulikuwa umeshika kifua. Kichwa hakikuwa na wa kukishika.

Nilirudi Nakuru nikiwa na hasira na kila kikombe cha chai. Kuna pole inayoweza kusubiri, na kuna hospitali isiyoweza. Hilo ndilo nililorudi nalo.

Siku ya mazishi wageni walikuja tena, wengi wao wale wale. Walinipa mkono mmoja mmoja, baba mdogo akiwa wa mwisho. Hakuna aliyeuliza damu iko wapi.