Pistoni ya Nne

Kaka alinipa mpaka Jumapili. Pikapu ya marehemu baba ikitetemeka tena kama nilipoifunga injini mara ya kwanza, mnunuzi wa vyuma chakavu ataikatakata na kuipakia. Aliyasema hayo gerejini kwangu Nanyala, amekaa juu ya boksi langu la spana. Nilimwambia kwanza ashuke kwenye spana zangu.

Pistoni tatu zilikuwa nzima. Ya nne ilipasuka, nikanunua nyingine ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, kwa muuza vipuri aliyeniapia kwa neno la heshima la kwao: “Ni ile ile, mukwai. Saizi ile ile, uzito ule ule.” Sikumwamini hata kidogo. Mara ya kwanza niliamini maneno kama hayo, nikafunga hiyo iliyopasuka, isiyolingana uzito na zile tatu, injini ikatikisika hadi kioo cha pembeni kikaanguka barabarani. Safari hii lazima nipime.

Nipime na nini sasa? Mzani wa dukani hautambui gramu kumi, na wa buchani ndio kabisa. Nikakumbuka kwamba Galula kuna mama anayenunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Kaka akanibeba kwa pikipiki, pistoni nne begini zikinigonga mgongo, na njia nzima nikamfokea: unafuata mashimo, unachelewa, injini huijui. Yeye anapiga mluzi. Mluzi! Nilitamani kushuka niende kwa miguu.

Yule mama aliziosha pistoni kwa sabuni kabla hazijagusa mzani wake. Zile tatu zilikuwa sawa. Mpya ikazidi kwa gramu ishirini na kitu.

“Si nilisema? Wezi wale!”

Nikatoa tupa, nikakaa nje juani, nikaanza kuikwangua kwa ndani. Nakwangua, napima, narudi kukwangua, huku nikiwatukana wauza vipuri wote wa mpakani. Nilikuwa nimeshatoa gramu tisa mama aliponiinamia.

“Samahani, fundi. Mtu akiniletea mkufu wenye jiwe, jiwe nalitoa kwanza ndipo napima. Hivi vyuma vilivyoizunguka hii, mbona zile nyingine hazina?”

Ringi. Pistoni mpya ilikuja na ringi zake, na za zamani nilizivua mwenyewe gerejini. Nilizishika siku nzima bila kuziona, kwa sababu nilikuwa natafuta mwizi. Tulipozitoa na kurudisha hesabu ya zile gramu tisa, ikaonekana pistoni ilikuwa sawa na wenzake tangu dukani. Sasa zile tatu za baba, ambazo hazikuwa na kosa lolote, nazo ilibidi zikwanguliwe gramu tisa kila moja.

Ningefurahi kama kaka angenitukana. Badala yake alichukua tupa ya pili, akakaa chini kando yangu.

“Nionyeshe pa kukwangua.”

Niliona aibu mpaka machozi yakanilenga. Nikamwonyesha.

Jumapili mnunuzi wa vyuma alifika mapema, akaegesha lori lake mlangoni. Kaka akawasha pikapu. Akashuka, akaweka kiganja juu ya boneti, injini ikinguruma taratibu bila kutetemeka. Kisha akamwambia yule bwana gari haliuzwi.

Bwana hakuondoka papo hapo. Nikaanza kumfokea: ameziba mlango, wateja wangu watapita wapi, watu wa vyuma wote ni wale wale.

“Mdogo wangu,” kaka akasema, “ringi umetoa?”

Nikaenda kumsaidia bwana kurudisha lori nyuma.