Twaiba na Pilau ya Galu

Twaiba wa Jego hakusomeshwa. Babake alimtoa chuoni akiwa na juzuu mbili tu, akamwoza, na mume aliyeozwa akamwachia watoto wanne, akaenda kuoa kwingine. Tangu hapo hajala cha mtu. Mwaka wa kumi na mbili huu analima mwani: bamvua ikifika na maji yakitoka mbali, yeye na wenzake huteremka pwani na kamba zao, hufunga mbegu moja moja, huzitandaza kamba baina ya vigingi, na maji yakirudi huwakuta kiunoni. Vidole huchubuka, mgongo huuma. Lakini pale palipopigiliwa vigingi vyake hapakuwa na mwanamume aliyempa.

Siku moja walikuja watu na bendera nyekundu, wakasema pajengwa gati la meli kubwa. Wanawake walipoteremka siku ya pili walivikuta vigingi vyao vimeng'olewa na kurundikwa mchangani kama kuni. Walikwenda kwa chifu, chifu akawapeleka kwa mwingine, na huyo mwingine hakuwepo. Basi waliposikia kuwa Mheshimiwa Randu, mbunge wao, atazungumza na waandishi wa habari juu ya gati hilo katika hoteli moja ya Galu, na kwamba anataka wanawake wa pwani wakae nyuma yake, waliona mlango umefunguka. Walimchagua Twaiba, kwa kuwa ulimi anao.

"Usiende ukatafuta maneno mengi," aliambiwa na Hanifa, ambaye kamba zake zilipakana na za Twaiba. "Sema hatukuulizwa. Neno moja tu hilo, hata mtoto hulibeba."

Twaiba alilibeba kutoka Jego mpaka Ukunda, akapanda nalo tuk-tuk mpaka Galu, akilinong'ona njia nzima.

Hotelini alipokewa na Swabir, msaidizi wa Mheshimiwa, kijana mwenye adabu zake. Aliwaamkia shikamoo mmoja mmoja wale wanawake waliotoka vijiji mbalimbali, akawagawia leso za rangi moja, akawakalisha mkekani penye masinia ya pilau. Kisha akaja Mheshimiwa mwenyewe. Hakuketi kitini. Alivua viatu, akakunja mikono ya kanzu, akakaa kwenye sinia la Twaiba, akachambua nyama akamsogezea kwa mkono wake.

"Kula, mamangu. Umetoka mbali."

Twaiba akala. Kwao, mtu uliyetia naye mkono sinia moja humfedheheshi mbele za watu. Alipokuwa mdogo mamake aliwahi kumchapa kwa kusema tu kuwa wali wa jirani ulizidi chumvi. Angeweza kusingizia kuumwa na tumbo. Lakini alikuwa na njaa tangu alfajiri, na juu ya njaa kulikuwa na jambo linalomchoma mpaka leo: alifurahi. Ilikuwa miaka mingi hajasogezewa nyama na mtu.

Walipoingia ukumbini, waandishi waliuliza mambo makubwa. Waliuliza vita vya nchi za mbali vitapandishaje bei ya mafuta, kwa nini meli zinabadilisha njia, na mikopo ya wageni italipwa na nani. Mheshimiwa alijibu yote bila karatasi, mara kwa Kiingereza, mara kwa Kiswahili, na pale alipokwama alicheka, nao wakacheka naye. Ndipo akasimama msichana wa redio aitwaye Beryl, akauliza kama wanawake wa mwani walishauriwa kabla ya gati kupimwa.

Mheshimiwa hakukasirika. Aligeuka. "Mwaniulizia nini mimi, na wenyewe wapo hapa? Mama wa Jego, hebu waambie."

Kipaza sauti kikaletwa. Neno lilikuwepo, ncha ya ulimi. Twaiba akauona mkono wa Mheshimiwa juu ya meza, kucha zingali na mafuta ya pilau.

"Tumeridhika," akasema. "Twamshukuru Mheshimiwa."

Watu wakapiga makofi. Beryl hakupiga. Alimuuliza taratibu, "Mliulizwa lini, mama?" Twaiba akainama, na Swabir akasema wakati umekwisha.

Njiani kurudi aliutunga uongo mzuri: kwamba palikuwa na askari, kwamba alitishwa. Lakini redio ilikuwa imemtangulia Jego. Aliwakuta wenzake kwenye chanja, wanageuza mwani ukauke, na hapana aliyeinua kichwa. Uongo ule ukamkauka mdomoni.

"Sikutishwa," akawaambia. "Neno nilikuwa nalo, nikalimeza. Alikula nami sinia moja."

Wote walilelewa kama yeye, kwa hivyo hata kumtukana hawakuweza vizuri. Hanifa aligeuza mwani wake, kisha akauliza, "Pilau ilikuwa ya nyama gani?"

"Ya mbuzi."

"Ungetufungia kidogo, basi. Sisi tumeuzwa tukiwa na njaa zetu."

Mmoja akacheka, si kicheko cha wema. Twaiba alisimama pale na leso mpya kwapani, hana pa kuiweka.

Jua lilipopungua, Hanifa alimwambia kuwa Alhamisi wanakwenda Kwale kuandikisha malalamiko. "Nawe utakuja, kwa kuwa mdomo ulioharibu ni wako. Lakini utafunga saumu."

Alhamisi ile Twaiba alifunga. Ofisini, karani aliwaletea chai na mahamri. Twaiba akasema amefunga, akaeleza kuwa hawakuulizwa, hata siku moja. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa simu, akaiweka mezani. Ikatoka sauti yake mwenyewe, nene, ya mtu aliyeshiba, inamshukuru Mheshimiwa.

"Hii ni sauti yako, mama?"

"Ni yangu."

Hanifa alitazama dirishani.

"Ni yangu, na ilisema uongo," akasema Twaiba. "Iandike hii ya leo."

Karani akaandika. Twaiba aliifuata kalamu kwa macho mpaka chini ya karatasi, asijue inaandika sauti ipi, kisha akatia kidole gumba alipoonyeshwa.