Mama Mkwe wa Vitambaa

Nilipokuwa mtoto huku Kola, fahali wa jirani alimpasua mbwa wetu tumbo. Matumbo yakatoka, yakajaa vumbi. Nyanya yangu aliyaosha kwa maji ya chumvi, akayarudisha ndani kama mtu anayefunga mzigo, akamkalia mbwa shingoni na kumshona kwa sindano ya magunia. Mbwa akamuuma mkono, nyanya akamlipa ngumi ya pua, akaendelea kushona. Yule mbwa aliishi, akaja kufa kwa sumu iliyotegewa fisi, lakini hayo tuyaache. Ninasema tu kwamba sindano niliijulia hapo. Shule niliacha darasa la tatu.

Miaka ya tisini, nikiwa mke wa mtu, msichana wangu wa kwanza alipata kazi ya kushona nguo kwenye viwanda vya EPZ, kule Athi River. Akawa ananiletea vipande vinavyobaki wakikata, gunia zima. Nikavishona picha ndogo, upana wa sahani: mbuzi, kisima, kanisa letu lenye paa la shanga za buluu. Zilinituliza.

Bwana yangu alikuwa akipasua mawe Lukenya. Jumamosi alikuja nyumbani, na ule mkono wa nyundo haukujua kupumzika. Alinivunja mbavu. Meno haya ya mbele ni yeye aliyang'oa. Mwishowe akachukia hata sindano. "Unashona kama mtu hana bwana," akaniambia, akanikanyaga vidole na buti mpaka kucha zikatoka. Akaapa akikuta picha nyingine, atakata vidole vyenyewe.

Bila kushona ningekuwa nimeenda wazimu. Nilishona.

Mama yangu alikuwa amenipa rinda lake kuukuu, la maua ya manjano, lile soko zima lilimjua nalo. Nikalikata, nikamshona yeye mwenyewe: kiuno kipana, macho ya shanga nyeusi. Sikuwa na hila, nilikuwa nimemkumbuka tu. Sasa kwetu Ukambani, mwanaume na mama mkwe wake wako na nthoni, ile aibu ya heshima. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Bwana yangu hakuwa amemtazama mama usoni tangu anioe, na nguo ya mama mkwe ukiikata ni kama umemkata yeye.

Jumamosi hiyo alinikuta mezani, sindano mkononi. Akachukua panga nyuma ya mlango, akanibana mkono juu ya ile picha, akapiga. Niliuvuta. Ncha tu ya kidole ilienda, na uso wa mama ukapasuka mpaka kiunoni. Nilipiga nduru.

Akaokota kitambaa anirushie, akasita.

"Hii nguo ni ya nani?"

"Ya mama. Umemkata uso, baba watoto."

Kaka yake mkubwa, tuliyepakana naye boma, alikuwa ameshafika mlangoni kwa sababu ya ile nduru.

"Utapeleka mbuzi wa fidia kwa mama mkwe wako," kaka akamwambia. "Na utasimama uwaambie wazee panga lilikuwa linatafuta nini hapo."

"Mbuzi nitatoa. Hiyo ingine siwezi kusema."

"Lakini kufanya uliweza. Basi hakuna mtu atakula na wewe huku."

Bwana yangu alinitazama nikifunga kidole na vitambaa, damu ikipita. Akaweka panga chini, akajipangusa mikono kwa suruali, akapita kando ya kaka yake bila kumgusa. Akashika njia ya mtoni, na hakurudi tena.