Nilivyompima Mama Mkwe kwa Kumpa Mgongo

Mnisamehe mwandiko wangu. Herufi zangu zinalala kama mahindi yaliyopigwa na mvua, na maneno mengine nitayakosea. Shule yangu iliishia msingi, na ukurasa mmoja unaweza kunimalizia mchana mzima. Lakini afadhali niandike kuliko niseme, maana nikisimama mbele za watu sauti hunikimbia.

Ndiyo sababu mafunzo ya huduma ya kwanza yalinipa taabu. Tulifundishwa pale Base Camp, makao makuu ya kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na mwalimu wetu alikuwa mama muuguzi kutoka Mbarara, mtu wa kucheka sana. Alitufundisha kwamba ukimkuta aliyeumia, kwanza utazame kama mahali penyewe hapatakuumiza wewe pia. Halafu umwite kwa sauti, usikilize pumzi, utafute damu, kisha umpapase kutoka kichwani hadi miguuni huku macho yako yakiwa usoni mwake, kwa kuwa uso husema kile ambacho mdomo unaficha. Zamu yangu ilipofika nilinong'ona. Akaniuliza kama naongea na mgonjwa ama naongea na viatu vyangu. Mtihani niliufaulu kwa mdoli tu, kwa kuwa mdoli hakutazami.

Majira hayohayo wajomba zangu walikuwa wamekwenda kwa kina mchumba wangu kupeleka neno la posa, nalo likapokelewa. Tangu siku ile, kwa desturi yetu sisi tuliotoka Kivu ya Kusini, Kongo, mimi na mama yake hatupaswi kutazamana wala kugusana mpaka siku ya ndoa. Kule milimani inawezekana, kila ukoo una kilima chake. Nakivale sote tunapita njia moja na kuchota maji bomba moja. Nikajifunza kumtambua mama mkwe wangu kwa mbali, kwa kitenge au kwa sauti, na kuingia shamba lolote lililo karibu. Jirani zetu Warundi waliniuliza yule mama nimemkosea nini.

Siku moja mvua ilikuwa imekatika tu, nami nateremka kwenda sokoni. Nikasikia sauti yake nyuma yangu, iko juu ya boda inayokuja, anamwambia dereva aendeshe taratibu kwa sababu wamebeba bati. Nikaruka ndani ya migomba. Boda ikanipita. Nikasikia injini inalia vibaya, halafu bati, halafu kimya. Kisha mchumba wangu, ambaye alikuwa amekaa nyuma ya mama yake, akapiga kelele moja: "Mama!"

Niliendelea kusimama ndani ya migomba. Kichwa kilisema desturi, miguu ikasema mafunzo. Miguu ilishinda, lakini ilinitoa kinyumenyume. Nilifika barabarani nikitanguliza mgongo, macho yangu kwenye migomba.

Nilipogeuza shingo kidogo upande wa dereva, nilimwona amesimama, matope mpaka masikioni, anajitetea kabla hajaulizwa. "Barabara ndiyo mbaya, si mimi." Bati lilikuwa limekunjwa kama mkeka na kufungwa kamba. Kamba ilikatika, bati likafunguka kwa nguvu. Nikamwomba azime injini, asogeze pikipiki, apande juu ya mteremko azuie wengine wasituangukie.

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Nikasikia wawili wanahimizana wamwinue mama, wamkalishe, wampe maji, kama tunavyofanya siku zote kwa mtu aliyeanguka. Nikasema wasimwinue. Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, na sauti iliyotoka niliishangaa mwenyewe. Nilikuwa naifokea migomba, na migomba haikutazami. Kwa kuwa sikuona uso wa mtu, aibu yote iliniacha. Wakamlaza.

Mchumba wangu alikuwa na matope tu. Nikamwambia apige magoti karibu na mama yake, awe mikono yangu.

"Muulize jina lake."

"Jina la mama yangu silijui?"

"Muulize tu."

Mama mwenyewe akajibu, naye akipitia kwa binti yake. "Muambie huyo wa mugongo kichwa changu iko sawa. Yake ndiyo sijui."

Watu wakacheka, nami nikafurahi, kwa sababu anayetania anapumua na akili zake zipo. Tukaendelea. Kichwa, hakuna uvimbe. Shingo haimuumi, vidole anavichezesha. Mbavu sawa. Alisema mkono wa kushoto ndio unamuuma, na kila nilipotaja kiungo kingine alikuwa na neno lake: kwamba tumbo halikuanguka na boda, kwamba nikitaka kununua ng'ombe niende mnadani. Tukafika magotini.

"Kitenge kimelowa," mchumba wangu akasema.

"Kimelowa nini?"

"Matope. Tuko kwenye matope."

Mama mkwe wangu huvaa vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, kama wamama wote wa kwetu. Nikamwambia binti aingize mkono kati ya kile cha juu na kile cha chini, halafu atazame kiganja. Akautoa, akautazama.

"Si matope," akasema.

Nikamwambia afunue. Mama akakataa, hawezi kufunuliwa miguu mbele ya wanaume barabarani. Binti akawa katikati, hajui amtii nani. Nikamwambia tena, na safari hii nikangoja neno la mama, ile dhihaka yake. Haikuja. Nikamwita, "Mama." Akajibu "hm", sauti ndogo, ya mtu anayesinzia.

Basi nikageuka.

Naye alipoona nageuka, akavuta kilemba chake akajifunika uso wote.

Niliwaomba wamama wasimame kutuzunguka na kutanua vitenge vyao kama ukuta. Bati lilikuwa limepasua nyama ya mguu chini ya goti, na damu ilikuwa inakuja kwa wingi. Nikakunja kitambaa, nikakandamiza kwa mikono yangu miwili, mguu tukauinua juu ya gunia. Mwalimu alisema nitazame uso, na uso ulikuwa chini ya kilemba. Ikabidi mchumba wangu aingize kichwa humo ndani kama anayechungulia chungu, atoke, aniambie midomo ya mama ina rangi gani.

Sasa fikiria wewe ni mtu uliyechelewa kufika. Unaona mama amelala, uso umefunikwa, kijana amepiga magoti, wamama wamezunguka. Wanaume wakavua kofia. Bibi mmoja Mrundi akatoa rozari akaanza. Mtu mwingine akampigia simu baba mdogo wa mchumba wangu, akampa pole ya msiba.

Chini ya kilemba ikatoka sauti. "Muambieni huyo bibi angojee kwanza. Niko napumua."

Zahanati ya Base Camp walimfunga vizuri, wakampeleka kwa gari mpaka hospitali moja mjini Mbarara, ashonwe. Mimi nilikaa mbele na dereva, mgongo wangu kwa mama mkwe.

Alishonwa, akaongezewa maji, akalala. Kesho yake baba mdogo alifika, na baada ya kushukuru kwamba hakuna msiba akakasirika. Mimi nilikuwa nje ya mlango wa wodi, nasikia yote. Alisema kijana aliyemshika mama mguu kiasi hicho amekwisha kuwa mtoto wake, na mtoto hawezi kuoa dada yake. Posa imevunjika, wajomba zangu waambiwe. Mchumba wangu alikuwa amesimama karibu nami. Hatukutazamana. Niliona maji ya bomba yakidondoka kwenye ndoo, na nilitamani niseme kitu, lakini pale hapakuwa na migomba.

Mama mkwe akakohoa.

"Shemeji, mie sikuona mukwe. Mukwe wangu alinipa mugongo, barabara yote iliona. Kisha nikafunika uso. Mwenye alinishika muguu ni muganga."

"Muganga gani?"

"Tafuta. Hapa iko baganga mingi."

Halafu nikasikia kiti kinavutwa, baba mdogo anakaa, na kicheko ambacho alikuwa anakizuia kikamtoka puani. Akauliza kama wagonjwa wameletewa chai.

Sasa mama mkwe ameondolewa nyuzi na anachechemea kidogo. Ndoa tunaingoja baada ya mavuno ya maharage. Tukikutana njiani bado naingia shambani, ila yeye hupita polepole zaidi, nami hukaa huko ndani muda mrefu na mbu.

Wazee wetu wengine hawajaridhika. Mmoja anasema kufunika uso si kitu, mkono ni mkono. Mwingine anasema damu inaondoa desturi yote siku hiyo. Mimi ningependa kujua. Ninyi mnaosoma, kwenu mtu akimshika mama mkwe wake ili asife, wazee wanasema nini? Niandikieni, hata kwa mistari miwili, na kama mna jibu zuri nitampa baba mdogo asome kabla ya maharage kukomaa.