Kichwa cha Wendell Satterwhite

Siku timu yetu ya mpira wa Kimarekani ya Toledo ilipotangaza kwamba ulinzi wote umekabidhiwa Wendell Satterwhite, watu hawakumtazama yeye, walinitazama mimi. Wendell alikuwa na miaka thelathini na moja na hajawahi kuongoza kitu zaidi ya chumba cha kukatia video. Mimi, Lou Hornyak, nilikuwa na miaka ishirini na sita ya kufundisha walinzi wa kati wa timu ileile. Mwandishi mmoja, mjinga kweli, alinifuata hadi kwenye maegesho akaniuliza najisikiaje kupitwa na mtoto. Nikamwambia akanunue soseji ale akalale.

Nilinuna siku moja, sikatai. Ya pili nilikwenda ofisini kwake kumpa mkono, maana yule mtoto nilimlea mwenyewe. Alinichezea misimu sita, akiwa ndiye mwenye kofia yenye redio, anayesikia maelekezo ya kocha na kuwapigia wenzake kelele. Goti lilipomshinda akiwa na miaka ishirini na saba, wakampa kiti cha kutazama video, na hapo ndipo wakubwa walipoona kichwa alichonacho. Umwonyeshe mwanzo wa mchezo wa miaka mitatu nyuma, atakuambia nani alikwenda wapi, nani aliteleza, na mvua ilikuwa inanyesha au la. Brannigan, kocha wetu mkuu, alimpa kazi kwa sababu ya hicho kichwa, si kwa kingine.

"Mzee Lou," Wendell aliniambia siku ile, "kocha mpya huwa anakuja na watu wake. Mimi watu wangu ni wewe."

"Usinililie hapa," nikamwambia. "Kaa chonjo tu. Ukiharibu tunaondoka wote."

Kambi ilianza Julai. Asubuhi moja aliniuliza beki wetu mpya ameumia wapi. Nyonga, nikamwambia. Tulipomaliza kunyoosha misuli akaniuliza tena. Kabla ya chakula cha mchana akaniuliza mara ya tatu, uso mkavu, kama mtu anayetaka habari.

"Wewe mtoto, umeoa mke wa pili nini? Akili iko wapi?"

Akacheka, nikacheka. Kwa miaka tisa niliyomjua, Wendell hakuwahi kuniuliza kitu mara mbili.

Mwisho wa Agosti mkewe, Charisse, alikuja nyumbani kwangu na trei ya makaroni ya jibini, ingawa sikuwa mgonjwa wala sijafiwa. Alikaa ukingoni mwa kochi, hakuvua hata koti la mvua.

"Baba Lou, nina neno. Juzi alikwenda kumchukua mtoto wetu Noelle shuleni. Akapaki nje ya shule ile ya zamani, ya kabla hatujahama. Akakaa saa nzima anamsubiri."

"Amechoka tu, mama. Msimu unaanza."

"Usinidanganye. Na wewe umeona."

Nikasema kile nilichokuwa nakiogopa: "Ikijulikana atamwaga unga, Charisse. Na si hapa tu. Nani atamwajiri tena kocha wa ulinzi asiyekumbuka?"

"Na isipojulikana?" akaniuliza.

Akaniomba nimpeleke Wendell kwa daktari, maana mkewe hamsikilizi, ila mimi ananisikiliza. Nikaahidi, kisha nikaanza kupiga kalenda. Wiki hii tunajiandaa, wiki ijayo tunasafiri. Ndivyo tulivyo sisi watu wa mpira, kila kitu kitasubiri mpaka Jumapili ipite.

Ilikuwa Jumapili ya tatu ya msimu, nyumbani, tunaongoza kwa pointi nne na dakika zinaisha. Nilisimama ubavuni mwa Wendell. Kabla ya kila mpambano yeye hutaja redioni jina la mpango, na zikibaki sekunde kumi na tano mpira urushwe redio hukatika yenyewe, usichosema hukisemi tena. Wapinzani walikuwa karibu na mstari wetu wa mwisho. Wendell akafunika mdomo kwa karatasi yake akasema, "Kunguru mbili. Kunguru mbili."

Kunguru ulikuwa mpango wa enzi zake mwenyewe, akiwa yeye ndiye aliyevaa ile kofia. Tuliufuta miaka minne nyuma. Kule uwanjani mlinzi wetu alikuwa anapiga kofia yake kwa kiganja, anadhani redio imeharibika. Nikamshika Wendell mkono nikamwambia siyo huo, akanitazama kwa hasira, redio ikakatika. Vijana wetu kumi na mmoja walisimama kila mmoja na lake, na mpira ukapita katikati yao bila kuguswa hadi ng'ambo ya mstari, wakatupita kwa pointi.

Brannigan, aliyesikia yote redioni, alikuja ametokwa na mishipa ya shingo. "Kunguru ni nini? Nani ana Kunguru kwenye karatasi?"

"Mimi," nikasema. "Niliandika vibaya. Nilimpa karatasi mbovu."

"Umezeeka, Hornyak."

"Nimezeeka, kocha."

Wendell alikuwa anatazama karatasi yake, anageuza mbele na nyuma, anautafuta Kunguru. Ndipo nikaona sina tena wiki ya kusubiri.

Nilimpeleka mwenyewe siku ya mapumziko, kwa daktari mwanamke asiye na uhusiano na timu. Wendell alikubali upesi kuliko nilivyotegemea. Kumbe na yeye alikuwa na hofu, amebeba mwenyewe bahasha ya vipimo vyake vyote tangu alipokuwa mchezaji. Aliingia kwenye chumba cha kompyuta akakaa karibu saa mbili. Alitoka shati limemganda mgongoni kwa jasho.

Daktari alituketisha, akaniruhusu nisikilize kwa sababu Wendell alitaka. Akaweka karatasi mbili mezani. Alama za leo, akasema, ni za chini kidogo, lakini zinalingana kabisa na zile ulizopata ukiwa na miaka ishirini na mbili. Hujashuka. Huenda kumbukumbu yako ndivyo ilivyo tangu zamani. Usingizi, mawazo ya kazi mpya, hayo ndiyo ya kuangalia. Njoo tena baada ya mwaka.

Wendell alifunika uso kwa mikono akacheka kama mtu aliyeachiwa huru. Hapohapo akampigia Charisse. "Nipo sawa, mpenzi. Sijashuka hata alama moja." Na mimi nilikaa pale naangalia zile karatasi mbili.

Enzi zile, kabla ya msimu, kila mchezaji aliketishwa mbele ya kompyuta apimwe kumbukumbu: maneno, maumbo, namba za kurudia kinyumenyume. Alama zinawekwa. Akigongwa kichwa uwanjani anapimwa tena, na zikishuka anakaa nje. Sasa mimi, bingwa wa ujanja wa kijinga, niliwaambia vijana wangu: kwenye mtihani wa kwanza jifanyeni hamnazo. Anzieni chini, ili siku mkigongwa msionekane mmeshuka. Wengine walizidisha, wakajibu ovyo mpaka wakarudishwa kuufanya upya. Wendell hapana. Alikosea kwa ustadi, hapa moja, pale mbili, akatoka akatuhadithia jinsi alivyojidai kusahau neno "meza", tukacheka hadi mbavu zikauma. Baada ya hapo aligongwa mara nne ninazozijua. Mara nne alama zikaja sawa, mara nne akarudi uwanjani ndani ya wiki, na mimi nikamnunulia bia.

Kwa hiyo mezani pa daktari palikuwa na karatasi mbili. Moja ya kijana mwerevu aliyejifanya mjinga, nyingine ya mtu mzima aliyejitahidi mpaka jasho likamtoka. Zimelingana. Ilikuwa niseme palepale. Niliufyata, sina neno zuri la kuliita jambo hilo. Nilimwogopa yule daktari, nikaona aibu, nikamwendesha Wendell hadi kwake huku anaimba na redio ya gari.

Siku sita sikula vizuri. Jumatatu mchana, tulipomaliza kutazama video na wengine wakatoka, nikafunga mlango wa chumba cha mikutano.

"Kijana wangu, zile alama za zamani ni za uongo. Ulifeli makusudi. Mimi ndiye niliyekufundisha."

Akatabasamu. "Acha utani, mzee."

"Sitanii. Rudi kwa daktari umwambie. Umeshuka sana, Wendell. Ulikuwa na kichwa cha ajabu, na sasa kinaondoka, na kosa ni langu."

"Mtihani ule nilijibu kwa haki," akasema polepole. "Nakumbuka nilikaa pale. Nakumbuka nilijibu nilivyoweza."

"Neno 'meza' je? Ulivyotuvunja mbavu?"

Alitafuta. Nilimwona anatafuta, macho yanakwenda huku na huku kwenye ubao mweupe. Hakukuta kitu, na nikaona hofu inapanda usoni mwake, kisha hofu ikageuka ikawa kitu kingine.

"Hakuna kitu kama hicho."

"Waulize wenzako. Wote walikuwepo."

"Niwaulize? Jioni waandishi wanayo, kesho Brannigan ananiita." Akasimama. "Nimekuelewa, mzee. Ulipitwa ukanyamaza, nikadhani una moyo mkubwa. Kumbe ulikuwa unasubiri. Ile karatasi mbovu ya Jumapili ile, mwenyewe ulikiri mbele ya Brannigan. Ulinipa makusudi."

"Wendell, karatasi haikuwa mbovu. Nilikuwa nakufichia."

"Unataka kiti changu."

Ningekasirika ningepata nafuu. Nilikaa tu. Kwa mtu asiyekumbuka upande wake wa hadithi, maneno yake yote yalikuwa na akili, hakuna hata moja ningeweza kulipangua.

"Ulinzi ni wangu, wasaidizi nawachagua mimi," akasema. "Toa vitu vyako leo. Brannigan nitamwambia mwenyewe." Machozi yalikuwa yanamtoka. Hakuyafuta. Nikatoa vitu vyangu kwenye kabati, miaka ishirini na sita ikaingia kwenye boksi moja la viatu na begi, nikaondoka kwa mlango wa nyuma.

Jumanne ni siku ya mapumziko, haikunitafuta simu yoyote. Nilikaa jikoni. Mara tatu nilishika simu nimpigie Charisse, mara tatu nikaiweka, maana tangu siku ile ya daktari yeye alikuwa amelala usingizi wake wa kwanza wa raha kwa miezi miwili, alinitumia ujumbe wa kunishukuru.

Jumatano saa moja na dakika kumi asubuhi simu ikalia. Jina lake. Nikafikiri anataka funguo za ofisi, au amempata mtu wa nafasi yangu na anataka daftari.

"Mzee Lou," akasema, mchangamfu kabisa, na nyuma yake nikasikia viti vinavutwa na vijana wanacheka. "Uko wapi? Kikao kimeanza. Walinzi wako wamekaa hapa wananiangalia mimi."

Nikatazama boksi langu la viatu.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Sasa? Siyo kawaida yako kuchelewa."

Ilikuwa nimwambie: kijana wangu, juzi ulinifukuza. Maneno hayo yangemvunja pale aliposimama, mbele ya watu arobaini. Pengine ndiyo yangemfikisha kwa daktari. Niliyashika mdomoni, nikasikia pumzi yake kwenye simu, ananisubiri kwa upendo wote wa zamani. Nikaogopa. Na nilifurahi pia, Mungu anisamehe, nilifurahi kuitwa.

"Foleni darajani, kocha," nikasema. "Niko njiani."

"Haya, lakini usirudie tena," akasema.