Pamba Haina Sauti

Daktari wa mbwa hana papara. Huosha mikono kwanza, kisha hufuta tongotongo kwa pamba na maji ya vuguvugu yenye chumvi, kila jicho na pamba yake, huku akinong'ona, "Pole, baba, pole," kama anayembembeleza mtoto mwenye homa. Mwishowe huachia kipande cha pamba kavu mbele ya uso wa mbwa. Pamba haina sauti wala harufu ya kumsaidia mbwa kudanganya: anayeona huifuata kwa macho, asiyeona hubaki kama gogo. Ila ole wako ukikalia kigoda cha pembeni, alichokuwa akikikalia marehemu mkewe wakati akimshikia mbwa. "Kina mtu hicho," husema daktari, na wateja hucheka.

Hata mama muuza vitambaa alicheka, asubuhi alipomleta mbwa wake mzee, macho yamegeuka meupe kama maziwa. Pamba ikaanguka, mbwa hakupepesa. "Tumechelewa, mama. Presha ya macho imeshayaua yote mawili." Mama alikuwa bado anajifuta machozi mbwa alipoinua kichwa. Yale macho meupe yakafuata kitu polepole, kutoka mlangoni, kikapita nyuma ya mgongo wa mama, hadi kwenye kigoda. Hapo yakatulia, na mkia ukaanza kutikisika. Mama akageuka: kigoda kilikuwa kitupu. Daktari hakugeuka. Aliinamia sikio la mbwa, akauliza kwa sauti ileile ya kubembeleza, "Leo yukoje?"