Mkono Mzima wa Koko

Jioni hii nimefungua kichupa cha mafuta ya kafuri nijichue bega, na harufu yake imenirudisha mtaani kwetu Cimpunda, kwenye chumba chetu cha mbao chenye sakafu ya udongo baridi.

Koko, bibi yangu, mama yake maman, alikuwa amepatwa na kiharusi, na maman alikuwa akimchua kwa mafuta kama haya. Upande wake wa kushoto ulikuwa umelala, lakini kilichomchosha maman zaidi ni ule mkono wa kulia, uliobaki mzima. Kila maman alipomkalisha wima, Koko alisukuma godoro kwa mkono huo, akazidi kulalia kushoto.

“Maman, uko unaanguka,” maman alimwambia.

“Ni weye uko unaniangusha. Niache, niko sawa.” Macho yake yalijaa woga. Kwake yeye, kule kulalia upande ndiko kulikuwa kukaa sawa.

Asubuhi yote ilikwenda hivyo, mmoja akinyoosha, mwingine akisukuma, mvua ikipiga mabati. Mwishowe maman akaishiwa nguvu. Akajitupa kitandani upande wa kulia wa Koko, akajifunika uso kwa kitenge na kulia.

Mkono wa Koko ukaliacha godoro, ukamtafuta binti yake.

“Juu ya nini unalia, mutoto wangu? Kuya hapa.”

Akamwegemea kulia ili amfute machozi, na kwa kumwegemea hivyo, mgongo wake ukanyooka. Koko alikuwa amekaa wima, bila woga.

Maman alilihisi hilo. Hata machozi yalipokauka, hakuinua kichwa, ili Koko aendelee kumwegemea.